Neno la Jioni

Watu wa Matisi, pale Kitale, walimkwepa Mwalimu Jairus kwa sababu moja: ukimsalimu kwa Kiingereza, atakurekebisha mbele ya watoto wako. Alishastaafu, lakini nani amwambie? Walimsalimu wakiwa mbali, tena wakitembea. Aliyekaa naye ni mkewe Lenah peke yake. Kila jioni, chai ikishaiva, mzee alikuwa akifungua kamusi na kuchagua neno moja gumu, kisha anamwuliza Lenah maana yake na namna ya kulitamka.

Lenah hakupatia hata siku moja. Victuals, yaani chakula, hutamkwa "vitols". Yeye alisoma kila herufi aliyoiona. Awry, yaani kwenda kombo, hutamkwa "arai", yeye alisema "oori." Mzee alifoka, akarudia, akaeleza upya mpaka chai ikapoa. "Sikio la kufa halisikii dawa," alizoea kumwambia.

Sasa Lenah amekufa, na mzee anakunywa chai akitazamana na kiti kitupu. Upweke ulimbana hata akawa anawasha redio asiyoisikiliza. Mwezi wa pili baada ya mazishi alifunga nguo za marehemu, akazipeleka Bungoma kwa Nabwile, dada yake Lenah, azigawe kama ilivyo desturi. Lakini usidanganyike. Alichokitaka hasa ni mtu wa kuongea naye juu ya mkewe.

"Dada yako alikuwa mtu mzuri," akasema, "ila kichwa kilikuwa kigumu. Miaka hiyo yote, hata neno moja hakushika."

Nabwile alikuwa akikunja leso. Aliiweka chini.

"Mulamwa, shemeji yangu, si alikuwa anayajua yote? Akikuja hapa anatufundisha sisi na watoto. Hiyo vitols, hiyo arai, anasema sawa kabisa."

"Mbona kwangu alikosea?"

"Alisema ati akipata mara moja, wewe unafunga kitabu unaenda kulala. Akikosea, unakaa."

Njia nzima ya kurudi Kitale alimtamani mkewe kuliko hata siku ya kumzika.

Jioni ile alibandika chai, akaweka vikombe viwili, akafungua kamusi na kulitafuta neno awry.

"Oori," akasema kwa sauti, makusudi, kisha akasubiri. Hakuna aliyemrekebisha.