Sukari ya Kaltumu

Mwaka 1975, sukari ilipoadimika katika mji wa Koboko, wakubwa wa serikali waliwaagiza wanawake wa sokoni wachague mmoja wao wa kuigawa. Wakapanga mistari nyuma ya wagombea wawili: Medina, mjane aliyeuza simsim, na Kaltumu, muuza vitambaa, rafiki yake tangu utotoni. Mstari wa Kaltumu ulikuwa mrefu zaidi. Hakukuwa na hila yoyote. Medina alimkumbatia mwenzake, akaenda nyumbani, akashindwa kula.

Wiki za kwanza kila mwanamke alipata kikombe chake. Baadaye sukari ikaanza kuishia kwa wake za maofisa na kwa matajiri wapya walioitwa mafutamingi. Kaltumu akapata redio na godoro, akawa anapanda magari ya maofisa kwenda Arua. Medina alijua kila kitu kilichoingia katika nyumba ile. Akipepeta simsim alijiambia kwamba redio ile ingekuwa inaimba kwake, laiti watu kumi na wanne tu zaidi wangesimama upande wake.

Wanawake walipochoka, walimtuma Medina akadai haki yao, maana walijua hamwogopi Kaltumu. Alikwenda mbio hadi nyumbani kwa Kaltumu.

“Sisi ndio tulikuchagua,” alimwambia. “Si maofisa.”

Kaltumu hakukasirika. Alisema akiwanyima wakubwa, kazi ingepewa mwingine siku hiyohiyo, na safari hiyo wanawake hawangeulizwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko.

“Sukari iko, dada, lakini hapana tosha watu yote. Hii yako. Kila Ijumaa pita mlango ya nyuma.”

Medina aliupokea mfuko. Akaufunga ndani ya leso.

Sokoni aliwaambia wenzake kwamba sukari haiko. Filda, muuza muhogo kutoka Ludara, ambaye mtoto wake alikuwa mgonjwa, alimshukuru kwa kuwasemea. Alisema siku watakayochagua tena, atasimama nyuma ya Medina.

Jioni Medina alifunga mlango, akanywa chai tamu peke yake. Maneno ya Filda yalimchoma, lakini si kwa muda mrefu. Aliyakumbuka magunia ya sukari aliyoyaona nyuma ya Kaltumu mlango ulipofunguka, akaupima mfuko wake mkononi, akaona amepunjwa.