Madirisha Wakati wa Hamatani

"Azara, dirisha hili utalifuta lini tena?" Mama aliuliza, pua yake ikikaribia kugusa kioo.

Nilikuwa nimelifuta asubuhi ileile. Hapa mjini Tamale hakuna anayeosha madirisha wakati wa hamatani, msimu wa upepo mkavu. Vumbi la jangwani huingia hata kwenye kopo la chumvi, kwa hiyo tunangoja mvua ya kwanza, kisha mtaa mzima unaosha kwa kelele na kumwagiana maji. Mama ndiye aliyenifundisha hivyo, na aliwacheka sana wageni walioshika vitambaa mwezi wa Januari. Mwaka huu alianza kwa kutaka dirisha lifutwe kila Ijumaa, sasa anataka kila siku. Kilichonikera zaidi si kazi, ni kutojua kilichombadilisha.

"Mama, si ulisema hamatani haifutwi?"

"Nilisema. Lakini vumbi la safari hii limevuka mpaka. Juzi Sanatu kapita hapo, nikamwita Rahinatu. Akanicheka, mtoto yule!"

"Wale ndugu wawili hata mimi huwachanganya."

"Wewe ndiyo, mimi sijawahi. Nikikaa hapa nisijue nani kapita, si bora mnizike tu?"

Alisema kwa utani, lakini sauti yake haikucheka. Nikachukua ndoo, nikatoka nje.

Jirani yetu Memuna alikuwa akipita na beseni kichwani. "Mama we! Azara anaosha dirisha hamatani! Kuna posa leo?"

"Ipo, na mahari ni mdomo wako!" nilimjibu. Akaenda zake akicheka.

Nikasugua kwa sabuni, nikasuuza, nikakausha. Mama, ndani, akatikisa kichwa. Nikarudia. "Bado," alisema. Ukaidi ukanipanda. Madirisha yetu ni ya vipande vya vioo vilivyolala kimoja juu ya kingine, na kila kimoja huchomoka. Nikakichomoa kile cha mbele ya uso wake ili nikisugue vizuri pande zote mbili. Tukawa tumetazamana, mimi na yeye, bila chochote kati yetu.

"Hapo hapo!" alisema kwa furaha, akinyoosha kidole kwenye uwazi ule. "Hapo ndipo palipobaki vumbi. Futa hapo, mwanangu."

Kioo nilikuwa nacho mkononi. Nikakumbuka uji alioumwaga juma lililopita, nikakumbuka nilivyomgombeza, na nikajichukia.

Nikakilaza kioo chini. Nikapitisha mkono dirishani, polepole, mpaka nikagusa shavu lake. Akashtuka kama aliyeamshwa usingizini.

"Azara? Umevunja kioo?"

"Hapana, Mama."

Akanishika kiganja, akakipapasa kidole kimoja kimoja, kisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Ni lini umekitoa?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo, na hakuniachia mkono.