Kiapo cha Mama Mkubwa

Mwenyeji njoo, mgeni apone. Najua wahenga walisema kinyume chake, na nawaheshimu, lakini wahenga hawakuwahi kupanga foleni ya pasipoti ugenini. Huku tulipo mgeni ni mimi, ni wewe, ni jirani aliyekuja na begi moja akisema atakaa mwaka. Mwenyeji ni serikali yetu, nayo inakaa ghorofa ya nne kwenye jiji jingine, safari ya siku mbili kwa treni. Ndiyo maana mara moja kila mwaka ubalozi wetu mdogo hufungasha mashine zake kwenye masanduku ya bati na kuwafuata watu walipo, mji baada ya mji.

Mimi ni karani wa ubalozi huo. Nina stashahada, si shahada, na anayetaka kuniuliza tofauti yake nampa kiti akae, maana maelezo ni marefu. Kazi yangu ni kupokea fomu, kuzisoma, na kuwarudishia wenyewe zile zilizojazwa kama barua za mapenzi.

Mwaka huo tulipewa ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Sakafu ilikuwa na mistari ya rangi tatu, ukutani ngazi za mbao za kupandia, na viti vilikuwa vya darasa la kwanza. Watu wazima wenye heshima zao walikaa magoti yakigusa kidevu. Mtunza ukumbi alitukabidhi funguo akatuonya: saa kumi kamili wanaingia watoto wa sarakasi, hata kama rais wenu yumo ndani.

Asubuhi ilienda vizuri, kwa kelele. Kwenye kamera alikuwapo afisa wetu wa pasipoti, tunayemwita Bwana Kanuni. Jina hilo tulimpa kwa kumsengenya, yeye akalipenda. Mbele yake aliketi dereva wa lori.

"Funga mdomo," Bwana Kanuni alisema.

"Nimefunga."

"Meno yanaonekana."

"Meno yangu yamenitangulia toka utotoni, ndugu yangu. Mimi nayafuata tu."

Foleni nzima ikacheka, dereva naye akacheka, na picha ikaharibika mara ya nne. Bwana Kanuni hakucheka. Alisubiri, mikono mgongoni, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Saa saba ikafika zamu ya Msusi. Hivyo ndivyo kila mtu ukumbini alivyomwita, kwa sababu nusu ya vichwa vilivyokuwa kwenye foleni alikuwa amevisuka yeye. Binti wa miaka ishirini na nne, mchangamfu, kucha fupi, mkononi ana pasipoti yake ya zamani na cheti cha kuzaliwa alichotumiwa kutoka nyumbani. Nikaingiza namba zake. Mashine ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, na maandishi mekundu yakatokea: taarifa za mama hazilingani.

Bwana Kanuni akaja kuangalia. Pasipoti ya zamani, iliyoombwa Msusi akiwa mtoto, ilimtaja mama mmoja. Cheti cha kuzaliwa kilimtaja mwingine.

"Dada, una mama wangapi?"

"Wawili," Msusi akajibu bila kupepesa. "Kwani wewe huna?"

Kutoka kwenye viti vya darasa la kwanza akainuka mwanamke mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni. Kuinuka kwenyewe kulihitaji msaada wa watu wawili. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa huo, naye ndiye aliyejaza ile fomu ya kwanza.

"Nilijaza mimi," akasema. "Waliniuliza mama wa mtoto ni nani, nikawaambia ni mimi. Mlitaka niwaambie ni nani? Shangazi?"

"Ulimzaa wewe, mama?"

"Alimzaa mdogo wangu. Hilo swali hawakuuliza."

Na kweli hawakuuliza. Mdogo wake alimzaa Msusi, na mtoto alipofika miaka minne akaenda kukaa kwa mama yake mkubwa, kama watoto wetu wengi wanavyokwenda. Hakuna karatasi iliyoandikwa siku ile. Nani anaandikishiana mkataba na dada yake? Fundi alipohamia huku, alihama na mtoto wake. Mashine haina mama mkubwa. Ina nafasi moja tu.

Bwana Kanuni akatoa fomu kwenye jalada lake. Utaratibu upo, akasema, tusiwe na wasiwasi: aliyetoa taarifa ya kwanza anaapa mbele ya balozi mdogo kwamba alikosea, anasaini, mambo yamekwisha. Akaisoma kwa sauti.

"Mimi, mwapaji niliyetajwa hapa chini, ninakana na kukanusha kabisa kwamba mimi ni mama wa mtajwa, na ninakiri kwamba taarifa hiyo niliitoa kwa uongo."

"Rudia hapo," fundi akasema.

Akarudia.

"Hapo kwenye kukana. Nimkane huyu? Mbele ya watu hawa wote? Kwa kiapo?"

"Ni maneno ya fomu tu, mama."

"Mwanangu, kiapo si maji ya kunawa. Huyu nimemuugulia surua, nimemshonea sare za shule, nimemfundisha kushika sindano akanishinda akakimbilia vichwa vya watu. Leo niseme simjui? Na huo uongo, nimeusema lini?"

"Mama, saini tu," Msusi akamshika mkono. "Ni karatasi."

"Karatasi ndiyo inayotaka kukufukuza nchi hii, halafu unaniambia ni karatasi tu?"

Hapo ndipo tulipoujua uzito wa jambo. Kibali cha Msusi cha kuishi kilikuwa kinakwisha baada ya wiki sita, na bila pasipoti mpya hakiongezwi. Kule ofisini kwetu nafasi zilikuwa zimejaa kwa miezi mitatu mbele. Sisi tungerudi mji ule baada ya mwaka. Msusi alikuwa amepata kiti chake mwenyewe saluni mwezi uliopita tu. Bwana Kanuni akalisema waziwazi, na sikupenda alivyolisema, ingawa lilikuwa kweli:

"Mama, usipomkana leo, baada ya wiki sita utampungia mkono uwanja wa ndege."

Fundi akaishusha tepu shingoni. Alishika ncha mbili za tepu yake akazivuta, huku na huku. Nilimwona anapima kitu ambacho hakina sentimita.

Msusi akapiga simu nyumbani, akaweka sauti juu. Mama mzazi akapokea papo hapo, na nyuma yake kuku walikuwa wanasikika vizuri kuliko yeye.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sikiliza, wanataka niape kwamba mimi si mama wa mtoto."

"Haa! Kwani umewakosea nini?"

Akaelezwa.

"Dada, sema tu. Mimi sitakasirika."

"Wewe hutakasirika, mimi je?"

"Basi nikaneni mimi! Mwandike kwamba mimi ndiye si mama. Mimi nilimzaa tu, wewe ndiye ulimkuza. Huyo afisa yuko hapo? Mpe simu. Baba, andika mimi si mama yake."

"Usimwambie upuuzi huo, wewe! Tumbo ni la nani?"

"Na mgongo uliombeba ni wa nani?"

Bwana Kanuni alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Katika miaka kumi na saba ya kazi amesuluhisha watu wanaogombania mtoto. Wanaosukumiana heshima ya kuwa naye hakuwahi kuwaona. Foleni ilikuwa imegawanyika pande mbili, dereva wa lori akiwa mwenyekiti wa upande wa mgongo. Mimi nikaiokota ile fomu nikaisoma kimyakimya.

Nikapandwa na hasira. Nimezaliwa ndani ya Kiswahili, nimekisomea, na najua kinavyoweza kusema jambo kavu la sheria bila kumvunjia mtu heshima. Hiki cha fomu kilikuwa Kiswahili kilichovalishwa koti la mtu mwingine, mikono ikafunika vidole. Sheria ilitaka kujua mambo mawili tu: nani alimzaa, na ile taarifa ya kwanza ilitokana na nini. Kukana hakukuwamo kwenye sheria. Kulitoka kwenye kalamu ya mtu mvivu aliyeandikia meza, si watu.

Saa tisa ilikuwa imepita. Nikamvutia fundi kiti.

"Mama, nieleze ilivyokuwa. Mimi nitaandika."

"Dada, hiyo siyo fomu yetu," Bwana Kanuni akaniambia.

"Najua. Nimeisoma ya kwetu."

Nikaandika hivi: *Mimi ni mama mkubwa wa binti huyu. Mdogo wangu ndiye aliyemzaa, kama cheti chake cha kuzaliwa kinavyosema. Mimi nilimpokea akiwa na miaka minne, nikamlea. Nilipoulizwa mama yake ni nani, nilijitaja mimi, kwa sababu kwetu mama mkubwa ni mama, na sikuulizwa nani alimzaa. Naomba jina la mdogo wangu liandikwe mahali pa mama mzazi. Haya ni kweli, naapa.*

Printa ikaguna, ikaitoa. Fundi akavaa miwani, akaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili simu isikie.

"Nikamlea," akarudia. "Ongeza hadi leo. *Nikamlea hadi leo.* Jana tu nimempigia kelele kuhusu koti."

Nikaongeza.

Balozi mdogo, ambaye sisi tunamwita Mheshimiwa, alikuwa amekaa peke yake kwenye kona, nyuma ya meza ya mpira wa mezani iliyoondolewa wavu. Nikampelekea karatasi, Bwana Kanuni nyuma yangu akihema.

"Inasema nani alimzaa?" Mheshimiwa akauliza.

"Inasema."

"Inasema kosa lilitokeaje?"

"Inasema."

"Basi kuna nini?"

"Siyo fomu iliyoidhinishwa, Mheshimiwa," Bwana Kanuni akasema. "Makao makuu wataiona."

Mheshimiwa akanitazama juu ya miwani. "Wakiuliza nani ameiandika?"

"Waambiwe ni mimi."

"Utaweka jina lako chini?"

"Na cheo."

Akacheka kidogo, akagonga muhuri. Fundi alisaini polepole, kwa herufi za mtu anayetia nakshi kwenye kola. Msusi akaweka vidole kwenye mashine huku mlangoni watoto wa sarakasi wakiwa wamejaa, viatu mkononi, wakitushangaa. Ikabaki picha.

"Funga mdomo," Bwana Kanuni akamwambia.

"Siwezi."

"Jaribu."

"Nikifunga nitalia."

Bwana Kanuni akaangalia saa, akaangalia watoto, akamwambia fundi: "Mama, simama nyuma yangu umkaripie." Fundi akasimama, akauliza kwa sauti ya nyumbani ni nani aliyeacha pasi ikiwaka, na Msusi akafunga mdomo palepale. Picha ikatoka safi. Saa kumi kasoro dakika mbili.

Pasipoti ilifika baada ya wiki tatu. Jina la mama mzazi limeandikwa mahali pake, mashine imeridhika, kibali kimeongezwa. Msusi alinipigia kunipa habari, na wakati anaongea nilisikia sauti nyuma ikimwambia amwachie dada wa watu afanye kazi, halafu sauti hiyohiyo ikachukua simu na kuongea nami nusu saa.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka makao makuu, imeelekezwa kwangu, jina na cheo. Nimebadili waraka wa serikali bila idhini. Ndani ya siku saba niandike kuomba radhi, nakala iwekwe kwenye jalada langu.

"Andika mistari miwili tu," Bwana Kanuni alinishauri, akinisogezea chai. "Radhi haina mfupa, dada. Inapita kooni yenyewe."

"Wewe ungeandika?"

"Mimi ningeandika mitatu." Akatazama dirishani. Kisha akashusha sauti. "Sasa, kuhusu safari ya mwezi ujao. Kuna familia mbili zimeshatuma maombi, mambo ni yaleyale, mmoja amelelewa na bibi. Ile karatasi yako bado unayo?"

"Ninayo."

"Nitolee nakala kumi. Usimwambie mtu."

Nikamtolea ishirini. Kisha nikakaa, nikaandika jibu, na ninaliweka hapa lilivyo ili asije mtu akasema niliandika vingine.

*Nimepokea barua yenu. Ni kweli nilitumia maneno ambayo hayakuidhinishwa, na kama kanuni inataka nipewe onyo, nipeni, nitalipokea na kulisaini. Ninaambatanisha kiapo chenyewe ili mkisome, na ile fomu ya zamani ili mlinganishe. Mkiona kuna neno la uongo ndani ya kiapo, au jambo la kisheria lililosahaulika, nijulisheni nilirekebishe siku hiyohiyo. Mama mmoja aliambiwa achague kumkana mtoto wake au kumpoteza, na hakufanya lolote kati ya hayo. Kwa hilo siombi radhi.*

Mheshimiwa alilisoma, akaniuliza kama sitaki kulala nalo kwanza, nilifikirie, kesho nilitume likiwa limepoa.

Nikamwambia limepoa tayari. Siombi radhi leo, na kesho siombi.