Mfuko wa Damu wa Kaka Chuma

Kaka yetu mkubwa hajawahi kuumwa. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na ndiyo maana tunamwita Chuma. Akivunjika mguu atakwambia hajambo, ila mguu tu unamsumbua kidogo. Kwetu wote ndivyo tulivyo: ukisalimiwa unajibu mzima, hata kama umelala hoi. Mimi kazi yangu ni kutoa watu damu na kuipima katika maabara ya hospitali, na tabia hiyo inanitia wazimu.

Siku hiyo mdogo wetu wa mwisho alikuwa chumba cha upasuaji, anajifungua. Mtoto alishatoka na alikuwa analia vizuri, lakini mama yake alikuwa anavuja damu na damu haikatiki. Kundi lake la damu ni adimu, na kwenye friji yangu hapakuwa na mfuko wake hata mmoja. Hospitali kubwa ilikuwa imeshatuma gari na damu, ila gari lilikuwa mbali. Karibu nasi mwenye kundi hilo alikuwa Chuma peke yake. Alikuja mbio, mkono wa shati ameukunja tangu getini.

"Hujambo, kaka?"

"Sijambo kabisa! Leta sindano."

"Umepata homa siku hizi?"

"We mdadisi, mdogo wako anakufa kule, unaniuliza mambo ya homa? Mimi mzima!"

Kipimajoto nacho kilisema hana joto. Nikamlaza, nikamtoa damu. Mama yetu alikuwa akichungulia mlangoni kila mara, anauliza bado, anaondoka, anarudi. Mfuko ulipojaa nikamwambia Chuma akapumzike nje, nami nikaanza kupima, kwa kuwa damu haiwekwi kwa mtu kabla ya kupimwa, hata iwe ya ndugu yake wa tumbo moja. Nilikuwa situlii. Nilifungua droo nikasahau nilichokuwa nataka, nikaenda dirishani.

Chuma alikuwa kwenye benchi, juani kabisa, amejifunika koti la mlinzi hadi shingoni. Nikatoka nje.

"Koti la nini na jua lote hili?"

"Kibaridi tu."

"Kaka, umemeza nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Vidonge vya kushusha homa, asubuhi. Ningekuja na joto ungenikataa. Lakini ni kihoma kidogo tu, tangu juzi."

Nikamsonya. Nilitamani kumzaba kofi, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na hapo hapo nilitamani kumkumbatia. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilirudi ndani, nikaweka tone la damu yake kwenye kioo, nikalipaka rangi, nikainamia hadubini. Niliwaona mara moja: vijidudu vya malaria, kama vipete vidogo vya zambarau, wamejipenyeza ndani ya chembe zake. Kila niliposogeza kioo, niliwakuta wengine.

Nikampigia daktari aliyekuwa anamfanyia mdogo wetu upasuaji.

"Damu ya kaka ina malaria. Ina malaria nyingi."

"Gari liko wapi?"

"Dereva anasema yuko darajani, kuna foleni."

"Mwili wa mdogo wako hauna nguvu, sitaki kuutwisha na malaria. Ngoja nihangaike naye. Lakini usiitupe hiyo damu. Nikipiga simu tena kabla gari halijafika, ilete. Bora tumtibu malaria kuliko tumzike."

Nikaweka simu mezani. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Damu ya nduguye hiyo hapo. Unangoja nini?"

"Ni damu mgonjwa, mama."

"Mwanangu anaisha!"

"Na mimi ni mdogo wangu!" Nilimfokea mama yangu mzazi, mbele za watu. Akakaa chini sakafuni, nami nikaendelea kuzunguka meza, macho kwenye simu, masikio getini.

Simu ikalia. Nikaidaka. Kumbe ni mtu wa stoo, anauliza kama glavu zimetufikia. Nilimjibu maneno ambayo mpaka leo sijamwomba radhi. Nikaushika mfuko wa Chuma, nikauweka chini, nikaushika tena. Ulikuwa bado na uvuguvugu.

Ndipo nikasikia honi.

Nilipima haraka kama damu iliyoletwa inapatana na ya mdogo wangu, nikaikimbiza mwenyewe hadi mlango wa upasuaji. Mfuko wa Chuma niliutia alama nyekundu, ukaenda kuteketezwa. Aliuangalia ukipita akiwa amelazwa kwenye korido, dripu mkononi.

Asubuhi yake mdogo wangu alifumbua macho. Mama akainama juu yake. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo," akanong'ona.

Nikapandwa na hasira. "Acha salamu! Nakuuliza unajisikiaje."

Akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza. "Naumwa, dada. Naumwa kila mahali. Na nina kiu."

Nililia kwa furaha mpaka nikashindwa kushika glasi, mama akampa maji yeye. Mlangoni Chuma alikuwa amesimama na blanketi lake, anasikiliza.

"Hata mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Kichwa kinanipasuka."