Ukungu Uliorudi Kazini

Kila asubuhi, kwenye kituo cha kutotoleshea samaki, mwanamke mmoja aliinama juu ya trei za mayai, akifyonza yaliyokufa kwa kimrija cha mpira. Yai lililokufa hugeuka jeupe. Likiachwa, ukungu wa maji hulivamia na kulivika nyuzi kama pamba. Kwenye ncha za nyuzi huvimba vifuko, vifuko hupasuka, na vijimbegu vyenye mikia miwili huogelea kutafuta yai jingine. Vikilipata hung'ang'ania, hutupa mikia, huota upya.

Mumewe alikuwa fundi pampu hapohapo. Alishika waya uliochunika akafia ndani ya tangi, na ngozi ya viganja vyake ikabaki majini. Bosi alitangaza kwamba marehemu alijifia nyumbani kwake. Uongo mchana kweupe, na watu walikuwepo.

Siku za msiba hakuna aliyefyonza mayai, maana bosi ana mkono wa birika na hakuweka mtu. Mjane aliporudi alimkuta mumewe amesimama kando ya pampu, mweupe, nyuzi tupu toka utosini hadi nyayoni.

“Umerudi, baba watoto?”

“Nimerudi. Nimwagie maji kidogo, nakauka.”

Alimmwagia. Wenzake nao wakawa wakipita wanamnyunyizia, wanaendelea na kazi.

Ukungu huo, ulioota kwenye ile ngozi ya viganja iliyobaki majini, ni mrija mmoja usio na kuta ndani. Viini vyake vyote huelea pamoja. Hivyo kilichojulikana viganjani kilifika mdomoni bila kizuizi.

“Waya uko wazi,” mumewe alisema mbele ya wote. “Nilimwambia bosi, akanijibu nisijifanye mwoga.”

Mjane alimfuata bosi ofisini, akamleta hadi tangini.

“Useme mbele ya hawa kwamba alifia hapa. Na waya ubadilishwe. Shemeji yangu, mdogo wake, ndiye anayeshika pampu sasa.”

Bosi alimkagua yule mweupe, akamgusa bega, akafuta kidole kwenye suruali.

“Mama, mumeo si huyu hapa? Sasa nani amekufa?”

“Nimemzika.”

“Kama umezika mtu aliye hai, hayo ni yako.” Akawageukia wafanyakazi. “Huyu aanze zamu leo, akae na mdogo wake. Akizidi maneno, mwagieni chumvi.”

Chumvi huua ukungu, pale kila mtu anajua. Hata wale waliomtoa marehemu majini kwa mikono yao waliinamia kazi zao.

Shemeji alikunja suruali, akaingia tangini pamoja na kaka yake. Mjane aliweka kimrija chini, akaenda ukutani, akashika mkono wa swichi kuu ya umeme, tayari kuivuta waya ukimnasa shemeji.

“Na mayai nani atafyonza?” bosi aliuliza.

“Yaoze,” alisema, bila kuondoa macho kwa shemeji yake.