Chupa Zenye Picha ya Joëlle

Céline aliingia maabara ya Joëlle chuo kikuu bila kubisha hodi, akaitua mezani kwa kishindo chupa iliyobandikwa karatasi yenye picha.

"Njo weye huyu wa kwa foto?"

Joëlle aliitazama ile picha. Alikuwa yeye, na koti lake jeupe, anatabasamu. Chini yake pameandikwa: MWISHO WA VIDONDA VYA TUMBO. IMETHIBITISHWA CHUO KIKUU.

"Bwana yangu Nzanzu iko lopitalo," Céline alisema, "anatapika damu. Malori yake yalikwama mpakani, mawazo yakamukula tumbo. Docta alimupatia dawa, yeye akaacha, akakunywa hii. Ati hii ya dada musomi haina mubaya."

Joëlle hakuuliza nani aliyeiuza. Alikuwa amechunguza maji ya magome ya mti wa mupundu kwa muda mrefu. Panya walionyweshwa maji hayo kabla ya kufungiwa penye baridi na dhiki walipata vidonda vichache kuliko wenzao. Panya. Tena kabla. Furaha ilimzidi, akamsimulia kaka yake mkubwa, Gauthier. Naye Gauthier ndiye aliyempiga ile picha.

Alimkuta Gauthier mtaa wa Naviundu, kando ya barabara, spika inanguruma, wateja wamejipanga.

"Yaya Gauthier, toa uso wangu kwenye hizo chupa!"

Gauthier alicheka. "Si weye mwenyewe ulisema inalinda tumbo?"

"Tumbo la panya! Lisilo na kidonda bado! Mtu anavuja damu hospitalini, na wewe unapiga muziki?"

"Polepole, mutoto ya mama. Bantu banasikia."

"Na wasikie!" Alimpokonya kipaza sauti. "Wa kwenye picha ni mimi. Sijamtibu mtu hata mmoja kwa dawa hii! Mwenye dawa ya daktari asiiache. Anayetapika damu, au anayepata choo cheusi kama lami, akimbizwe hospitali!"

Watu walinung'unika. Mama mmoja aliikumbatia chupa yake. "Lopitalo iko mbali, hii iko hapa. Sasa sisi tutakunywa nini?"

Joëlle alizigeukia chupa zilizopangwa. Akaanza kuzichana zile karatasi za picha kwa kucha, chupa baada ya chupa, mpaka Gauthier akamkamata mkono.

"Unanivunjia nyumba!"

"Na ya Nzanzu nani ameivunja?"

Jioni mama yao alipiga simu: amwombe kaka yake radhi. Joëlle alikata simu, akaenda hospitali. Nzanzu alikuwa ameongezewa damu. Madaktari walisema atapona. Céline alimsogezea nafasi kwenye benchi.

Kesho yake habari zikaja: Gauthier amehamia mtaa wa Kasungami, chupa ni zilezile, ila sasa zina picha ya mwanamke mwingine. Joëlle alimpigia Céline, akamwambia anamfuata kaka yake huko sasa hivi.

"Usiende peke yako," Céline alisema. "Nakuja na bashemeji yangu, bandugu ya Nzanzu. Leo yaya yako atatuambia vizuri kwa nini bado anauzisha."