Uzito wa Kisanduku cha Umeme

Jumanne, tarehe 9 Machi 2021, Emérita alifungua boksi alilotumiwa na mdogo wake kutoka Goma, akatoa kadi ya picha, kifaa cha kuisaidia kompyuta yake kukimbiza picha za filamu. Ilikuwa bamba pana lenye feni mbili, nzito kuliko alivyodhani, na aliishika kwa mikono miwili kama mtu apokeaye mtoto mchanga.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbao kando ya barabara kuu ya Mubi, pale malori yanapopunguza mwendo kukwepa madimbwi. Humo alitengeneza filamu za arusi na za ubatizo, kwa umeme wa betri iliyojazwa na paneli ya jua. Lakini kompyuta ilikuwa imechoka: kila alipojaribu kuunganisha filamu ndefu, picha ziliganda katikati, na kazi yote ikaanza upya.

Filamu iliyokuwa ikimsumbua ilikuwa ya arusi ya Généreuse na Damien. Mama mzazi wa Généreuse, Mama Uwamwezi, hakuiona arusi hiyo. Alibaki kwao Burungu kwa sababu ya mguu uliovimba. Sasa mguu umepona, amefika Mubi kumtembelea binti yake, na Alhamisi lori lilikuwa limrudishe, kwa maana maharagwe yakishaota hayamngoji mtu kuyapalilia. Alitaka kuondoka na arusi ya mwanawe ndani ya simu. Na picha zote za arusi hiyo zilikuwa ndani ya kompyuta ile moja tu. Kamera ilikwisha kufutwa ili ipokee ubatizo mwingine. Kompyuta ikiungua, arusi imeungua nayo.

Ndiyo maana Emérita hakuthubutu kuichomeka kadi mara moja. Kisanduku cha umeme kilichokuwa ndani ya kompyuta, kile kinachopokea moto, yaani umeme, wa ukutani na kuugawa kwa kila kifaa, kilikuwa kidogo na cha zamani. Hakikuwa hata na waya wa kuilisha kadi. Karatasi iliyokuja na kadi ilisema katika mstari wa kwanza: kisanduku cha wati 450 ao zaidi. Emérita aliusoma mstari huo, akaikunja karatasi, akafunga studio, akaenda dukani.

Papa Kabera, muuza betri na paneli za jua, alikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa 700 kwa tarakimu kubwa za dhahabu. Cha pili kiliandikwa 500, bila madoido.

Valens, mume wa Emérita, alimkuta hapo hapo dukani. Yeye alikuwa mnunuzi wa kasiterite, yale mawe meusi ya bati yanayoteremshwa kutoka machimboni, na mkono wake ulisifiwa Mubi nzima: akilinyanyua jiwe, alijua kama lina mali ao ni jiwe tu la kujengea.

"Mama Esdras, leta hivyo vitu nipime," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Akakiweka kimoja kiganjani kulia, kingine kushoto, akafumba macho. Watu wawili waliokuwa wakichagua betri walisogea kutazama.

"Papa Valens, hayo si mawe," Kabera alicheka.

"Kila kitu kiko jiwe, inategemea nani anashika. Hii ya mia tano iko mwepesi sawa mukate wa jana. Hii ya mia saba iko na mali ndani. Shaba, Kabera! Shaba njo inaleta uzito."

"Na kama itakunywa moto yote ya betri yangu?" Emérita aliuliza.

"Hapana, mama," Kabera alijibu. "Kisanduku hakinywi namba yake. Kinatoa tu kile kompyuta inaomba."

"Basi njo hiyo ya mia saba," Valens alikata shauri. "Mukono wangu haujawahi kunidanganya."

Emérita alitazama tarakimu za dhahabu. Mia saba ilizidi mia nne na hamsini. Mkono wa mumewe ulikubali. Akakichukua.

Studioni alifungua kompyuta, akang'oa kisanduku cha zamani, akafunga kipya kwa skrubu, akachomeka kadi na waya wake. Kompyuta iliwaka. Aliifungua filamu ya arusi, akaagiza iunganishwe, na kwa mara ya kwanza picha zilikimbia bila kukwama. Généreuse alitoka kanisani, kwaya ikaanza kuimba, feni za kadi zikavuma kwa nguvu. Kisha kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na harufu ya plastiki iliyopata moto ikajaa chumbani.

Emérita aliuvuta waya ukutani kwa nguvu hata kiti kikaanguka.

Hakuiwasha tena. Aliking'oa kisanduku kile, akakiweka mezani, na alipohakikisha kimepoa, akamulika tochi ya simu kupitia matundu ya feni. Pale ambapo palistahili kuwa na shaba palikuwa na kipande cha kijivu, kimegandishwa ubavuni kwa gundi.

"Papa Esdras," alisema polepole, "njoo uone mali yako."

Valens aliinama, akachungulia. "Ni saruji," alisema mwishowe. "Mama yangu! Wachimbaji wakitia mawe ya chuma ndani ya gunia ninawakamata kila juma. Na hapa nimenunua saruji, na nimeisifu mbele ya watu."

"Gunia unalimwaga kwanza. Hiki hukukimwaga."

Emérita aliikunjua tena karatasi ya kadi, na safari hii hakuishia mstari wa kwanza. Mstari wa pili ulitaka ampea thelathini katika njia ya volti kumi na mbili, ile inayoilisha kadi. Akatafuta ubavuni mwa kisanduku, chini ya dhahabu, katika maandishi membamba kama miguu ya sisimizi: ampea kumi na nane. Akazidisha kwa kumi na mbili. Wati mia mbili kumi na sita. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya kweli. Mia saba ilikuwa rangi tu.

Katika depo za Mubi, maghala ya wanunuzi wa mawe, kuna desturi moja: gunia likitiliwa shaka, watu hawabishani. Linamwagwa juu ya turubai mbele ya mashahidi, na muuzaji analichukua bila neno. Emérita, Valens akimfuata nyuma, alikiweka kisanduku juu ya meza ya Kabera, akawasubiri wapita njia wasogee, akamkabidhi tochi.

"Papa Kabera, nimemwaga. Angalia mwenyewe."

Kabera alichungulia, akapiga mluzi. "Kumbe! Na mimi kule Goma nilikipima na mukono." Wote walicheka, Valens zaidi ya wote. Kabera akashusha kile cha mia tano bila kuombwa. Emérita hakukipokea mpaka aliposoma ubavu wake: ampea thelathini na nane. Akazidisha, akapata mia nne hamsini na sita, na hapo ndipo alipokifunga ndani ya kitenge.

Alirudi studioni moja kwa moja. Hakujua kama kisanduku kibaya kilikuwa kimekwenda na arusi. Alifunga skrubu ya mwisho, akabonyeza, akasimama na mkono kinywani. Kioo kiliwaka. Faili zilikuwepo zote. Kadi ilivuma, kwaya ikaimba mpaka mwisho wa wimbo, na hakuna kilichonuka.

Jumatano mchana Mama Uwamwezi alikaa kwenye kiti cha studio, simu magotini, akatazama arusi yote bila kupepesa. Ilipofika ngoma, alimsogelea Emérita.

"Huyu Damien anachezaka hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Wangenionyesha mbele ya arusi, ningekataa." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaomba arudishiwe mwanzo, pale binti yake anapotoka kanisani.

Alhamisi lori lilimchukua, simu ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa kifuani mwake.

Nawe uliyefika hapa, usiifungie habari hii nyumbani kwako. Ukimjua mtu anayekwenda kununua kisanduku cha umeme, msomee kabla hajafika dukani, naye amsomee mwenzake.